Aliyeikaza Hita Hii Namtafuta

Kuna mtu hapa Uingereza namtafuta. Jina lake silijui, sura yake sijaiona, na huenda ameshatangulia mbele ya haki. Kama ni hivyo sina haraka, tutaonana hukohuko. Ninachojua juu yake ni kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa na nguvu kuliko kichwa chake. Mwaka fulani aliingia katika nyumba hii ninayoilipia mkopo benki, akapanda ngazi, akafungua kabati la ghorofani, akafunga hita ya umeme juu ya silinda ya maji moto. Akaikaza. Ilipokwisha kukazwa, akaikaza tena. Halafu nadhani alikaa kitako, akanywa chai ya maziwa, akarudi kuiaga kwa kuikaza mara ya mwisho.

Uliyeko nyumbani huenda huelewi malalamiko haya. Na kwa nini uelewe? Tanga nilikozaliwa, bomba lililopita juani linatoa maji ya moto saa nane mchana bila kuombwa. Hita ilikuwa ya watu wa Lushoto huko juu milimani, na hita yenyewe ilikuwa ile ya kuchovya kwenye ndoo: chuma kilichojiviringisha, mpini wa plastiki, na nyaya mbili zilizochomekwa kwenye soketi kwa njiti za kiberiti kwa sababu plagi iliungua zamani. Ilikuwa hatari, nakubali. Kila mtaa ulikuwa na mtu aliyetia kidole majini kupima joto kabla ya kuzima swichi, na si wote waliobaki kusimulia. Lakini maji yakishachemka unashika mpini, unavuta, imetoka. Haihitaji spana. Haihitaji ngazi. Haihitaji shemeji.

Waingereza wao waliona hilo ni jepesi mno. Wakatengeneza silinda ya shaba nyekundu inayomfika mtu kiunoni, yenye kubeba lita 120, wakaivisha koti la povu gumu la manjano, wakaificha kabatini kama vile ni aibu. Utosini mwa silinda hiyo kuna tundu lenye hesi, upana wake inchi mbili na robo. Humo ndimo inamokaa hita: kichwa cha shaba manjano chenye pembe sita, na chini yake mguu wa inchi 27 unaoning'inia majini gizani. Nguvu yake wati 3,000. Maji baridi yanashuka kutoka kwenye tangi lililoko darini na kuingia kwa chini, ya moto yanapanda na kutokea juu. Hakuna pampu wala mashine, ni uzito wa maji tu unaofanya kazi, na hapo lazima niwape heshima yao.

Nyumba yetu haina gesi, kwa hiyo hita hiyo ndiyo baba na mama wa maji ya moto. Tangu 1978 nchi hii ina mpango wa kuuza umeme kwa bei nafuu kwa saa saba za usiku. Sisi tukilala, hita inaamka. Kupasha silinda nzima kutoka baridi ya bomba mpaka nyuzi 60 kunakula uniti sita na kitu, na kunachukua saa mbili zilizochangamka. Wenye LUKU mnajua uniti sita ni nini. Huku hukatiwi katikati ya kuoga, unaletewa bili mwisho wa mwezi ukiwa umeshajikausha, na maumivu yake ni ya aina nyingine.

Kabati lenyewe ndilo la kuwekea taulo na mashuka, maana joto la silinda linavikausha vizuri. Mke wangu ameweka humo na kanga zake zote, za harusi, za msiba na zile ambazo hazitavaliwa kamwe kwa sababu maneno yake yanamgusa mtu tunayemjua. Nalitaja hilo mapema kwa kuwa kila hatua ya kazi hii ilianza na ruhusa ya kuzihamisha kanga.

Basi hita ikafa. Zinakufa zote, bomba lake jembamba linapasuka, maji yanaingia ndani, umeme unavuja, swichi ya usalama inaanguka. Unainyanyua, inaanguka. Unainyanyua kwa upole, inaanguka kwa upole. Nikamwita fundi.

Fundi akaja, akafungua kabati, akatazama, akasonya. Kwetu mtu akisonya nyumbani kwako mbele ya mkeo, huo ni ugomvi wa kuitiwa mjumbe wa nyumba kumi. Huku ni sehemu ya kukadiria bei. Akaeleza kwamba hita mpya si tatizo, tatizo ni kuitoa ya zamani. Kuta za silinda hazifiki unene wa milimita moja, na kichwa cha hita ni donge la shaba. Ukiizungusha kwa nguvu, hita inabaki palepale, kinachozunguka ni utosi wa silinda. Unakunjamana, unachanika pale shingoni, na chini ya kabati kuna dari ya jiko. Atajaribu, akasema, lakini ikichanika si juu yake. Kisha akataja bei ya kujaribu, na bei ya silinda mpya endapo kujaribu kutaleta hasara. Nikazigeuza zile pauni kuwa mabati, kama tunavyofanya sote tulioko huku, nikaona nyumba nzima ya Tanga inaezuliwa mbele ya macho yangu. Nikamshukuru, nikamsindikiza mlangoni.

Dukani nako wana lugha yao. Hita wanaiuza kwa inchi: kumi na moja, kumi na nne, ishirini na saba. Spana ya kuifungulia hita hiyohiyo wanaiuza kwa milimita, 86. Waingereza walianza kuhamia kwenye mita na kilo mwaka 1965, na naona hawajaamua kama wafike au waishie njiani. Nikanunua hita ya inchi na spana ya milimita. Kijana wa dukani akaniuliza kama maji ya kwetu ni magumu. Nikamwambia maisha yote ya huku ni magumu. Hakucheka, akaniuzia hita ya aloi maalumu inayostahimili chokaa, ghali kuliko ile ya kawaida.

Jirani yangu ni mzee aliyefanya kazi ya mabomba enzi zake. Hajawahi kuingia ndani kwetu, wala sisi kwake. Mambo yote yanapita juu ya uzio. Nilipotokea uani na spana ile, mduara wa chuma mkubwa kama wa kumkamatia ng'ombe, akaweka chini kikombe chake. "Umeshamwaga maji?" Nikamwambia ndiyo kwanza nataka kuyamwaga, kwani mtu mwenye akili hafungui kitu kilichojaa maji. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. Silinda tupu haina mgongo, akasema. Ilegeze hita silinda ikiwa imejaa, maji yanazishika kuta kwa ndani zisikunjamane, umwage baadaye. Na usivute spana. Igonge kwa nyundo, gonga fupi fupi kali. Akachukua kikombe chake, akarudi kwenye mambo yake.

Sasa elewa nilichoambiwa: nenda kafungue mfuniko wa chombo chenye lita 120 kikiwa kimejaa, juu ya dari ya jiko, kwa kukipiga nyundo. Na nilipokuja kuuliza kwingine, kila anayeijua kazi akanithibitishia kwamba mzee yuko sahihi.

Angalau nikafunge maji yanayoingia. Pembeni ya silinda kuna koki yenye gurudumu jekundu, kazi yake ni hiyo tu. Nikaizungusha, ikazunguka. Ikazunguka vizuri, laini, kulia na kushoto, ningeweza kuizungusha mpaka Idi. Koki isiyofika mwisho imeshakufa ndani kitambo. Ndiyo maisha katika nyumba hii: kinachotakiwa kuzunguka hakizunguki, kisichotakiwa kinazunguka kutwa.

Nikapanda darini kwa magoti, nikiepuka kukanyaga katikati ya mbao, maana katikati ya mbao ni dari ya chumba cha watoto. Tangi la huko linajazwa kwa boya, kama tangi la choo. Nikalaza mpini wa ufagio juu yake, nikalifunga boya kwa kamba lisishuke, nikateremka kufungua mabomba ya maji moto yote. Yakatoka, yakapungua, yakakoroma, yakanyamaza. Tangi la darini likawa tupu, silinda ikabaki imejaa, kwa sababu maji ya moto yanatokea utosini na hayatoki ila yakisukumwa na mengine ya juu. Hapo nilijisikia mhandisi. Mke wangu akauliza kutoka chini ni nani aliyechukua ufagio.

Umeme nilikuwa nimeshauzima kwenye boksi la fyuzi, nikaupima kwa testa, nikaupima tena, kisha nikaichomoa waya. Nikachonga lile povu kuzunguka kichwa cha hita kwa kisu cha mkate ili spana ikae. Povu hilo likichongwa linakuwa unga wa manjano, na unga huo una mapenzi makubwa na nguo za pamba.

Nikaweka spana. Nikagonga. Nikagonga fupi fupi kali kama nilivyoelekezwa. Silinda ikalia ngoma nyumba nzima, jirani wa upande wa pili akatugongea ukuta, na hita haikutikisika hata ukucha. Nikagonga kwa heshima, nikagonga kwa hasira, nikagonga nikimtaja yule bwana ninayemtafuta, kwa majina ambayo hayaandikiki katika safu inayosomwa na wakwe.

Nikampigia fundi mmoja wa Tanga kwa video. Huyu alinijengea ukuta ambao bado umesimama, kwa hiyo ushauri wake nauamini. Nikamwonyesha. Akatazama sana, akauliza kwanza hali ya familia, akauliza baridi, kisha akatoa hukumu: "Bosi, hiyo imegoma. Mwagia mafuta ya breki, ilaze mpaka asubuhi, halafu ipige moto. Itaachia yenyewe." Nikamwambia hakuna kutu, ni shaba kwa shaba. "Basi piga moto tu." Nikamwambia imezungukwa na povu ambalo likishika moto moshi wake ni sumu. "Aa, hiyo sasa ni Ulaya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyenawa mikono, na akanikumbusha kuhusu vocha.

Ndipo mke wangu akamwita kaka yake.

Shemeji yangu anaishi Northampton na anaendesha lori. Ni mtu wa watu, hilo sina kipingamizi nalo, lakini mwili wake umejengwa kwa pilau na kila tatizo analitazama kama lori lililonasa matopeni. Alifika mchana, kwa hiyo kwanza akala. Kisha akala tena kidogo kwa sababu dada yake alisema amekonda. Alipopanda juu akaitazama hita, akaigusa kichwani kwa vidole viwili, akanigeukia: "Shem, hii ndiyo iliyokuweka siku zote hizi? Hii ni ya dakika tano."

Sijawahi kusikia kazi ya dakika tano iliyoisha mchana uleule.

Shemeji alikuwa amekuja na bomba la chuma kutoka kwenye lori. Anataka kulivika kwenye mpini wa spana ili mkono uwe mrefu. Nikamweleza habari za utosi wa silinda na unene usiofika milimita moja. Akasema ameelewa, akalivika. Akavuta. Nilichokiona wakati ule nakiona mpaka leo nikifumba macho: hita imetulia, shemeji ametulia, silinda nzima inageuka taratibu kuelekea dirishani na mabomba yote yaliyoungana nayo yanalia. Nikairukia nikaikumbatia. Mke wangu akaacha mashuka, akaikumbatia kwa upande wa pili. Tukawa tumeishika wawili, mashavu yetu kwenye povu, tunatazamana. Nadhani tulikuwa hatujasogeleana hivyo tangu watoto waanze shule. "Acha, kaka!" akapiga kelele. "Inakuja," shemeji akajibu. "Inayokuja ni nyumba!" nikamwambia.

Tukaliondoa bomba la lori.

Mzee wa uzio, nilipomwendea tena, akanipa vitu viwili. Kwanza mashine yake ya kupulizia hewa ya moto, ile ya kubandulia rangi, isiyotoa ulimi wa moto. Pili akauliza: "Umeshajaribu kuikaza?" Nikadhani masikio yangu yameingia povu. Nimekuja kuifungua, naambiwa niikaze! Akasema ndiyo, chembe tu, kuelekea kulekule ilikokazwa. Kitu kilichoshikamana kinaachia popote kinapovunjika, hakijali upande. Na akaongeza kwamba moto hautafaa kitu kama maji yanagusa shingo ya hita, kwani yatakuwa yanaunyonya wote. Ipunguze silinda ndoo mbili tatu, pabaki hewa pale juu, mwili wote chini ukiwa bado umejaa. Kwa nini hayo yote hakuniambia mara ya kwanza sijui. Nadhani kwao ushauri nao unakwenda kwa mgao.

Chini ya silinda kuna kikoki cha kumwagia. Ukikifungua bila kukivika mpira wa maji umekwisha, ukikifungua baada ya kukivika mpira hakitoi kitu, kwa sababu kimejaa tope. Kukizibua ni kwa waya mwembamba, umelala kifudifudi, mkono mmoja nyuma ya silinda usipopaona, ukiomba kisizibuke kwa ghafla. Kilizibuka kwa ghafla. Sitaeleza zaidi. Tukapata ndoo zetu tatu za maji ya rangi ya chai ya rangi, tukakifunga.

Kazi ilivyoendelea baada ya hapo ilikuwa na taratibu kama za hospitali. Mke wangu anapuliza hewa ya moto shingoni mwa hita, kadibodi imekinga povu. Mimi nimekumbatia silinda. Shemeji na nyundo. Tukaigonga kuelekea kukaza, mara moja, mbili. Kimya. Tukageuza spana, tukagonga kuelekea kufungua. Kimya. Moto tena, kukaza, kufungua, jasho, mke wangu anaanza kuhesabu ni ndugu gani wa upande wangu waliowahi kutusaidia kitu.

Halafu: ta!

Mlio mkavu, mkali. Sote watatu tukaganda. Mimi masikio yangu yalikuwa tayari jikoni, yanangoja dari. Hakuna kilichoanguka. Shemeji akaweka mkono kwenye spana kama mtu anayegusa mgonjwa, akasukuma, na ile hita, mwanaharamu yule, ikazunguka. Kwa kidole. Nguvu yote ile ilikuwa katika unywele mmoja wa mwanzo. Baada ya hapo mtoto wa chekechea angeimaliza.

"Si nilikwambia dakika tano?" akasema shemeji.

Hesi zilipoanza kutokeza nikaona kilichokuwa kimeishika. Yule bwana, juu ya kukaza kwake kote, alikuwa amezungushia nyuzi za katani, akapakaa na ile lami ya mafundi wa mabomba inayogeuka jiwe ikikaa. Washa, ambayo peke yake ingetosha kabisa kuzuia maji, ilikuwepo pia. Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimekulia kwenye harufu ya mkonge. Bibi zetu walijua habari ya Mjerumani Richard Hindorf aliyeagiza miche ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, na kutoka kwenye hiyo 62 yakaota mashamba yaliyoifunika pwani yote mpaka Korogwe. Siwezi kuapa kwamba nyuzi zile zilitoka kwetu, huenda ni za binamu yake wa Ulaya. Lakini ukisafiri maili zote hizi kukimbia shamba la katani, halafu ukaikuta inakungojea kwenye kabati la taulo mashariki ya London, unajiuliza ni nani aliyekupangia.

Tukaivuta sasa itoke. Ikapanda kiganja kimoja, ikanasa.

Naomba ueleweke uchungu wangu. Hesi zote zimeachia, hita inazunguka, inacheza, inapanda na kushuka, ila kutoka haitoki, kwa sababu mguu wake umenenepa. Maji ya London yanatoka kwenye mito ya Thames na Lea, ambayo mabonde yake yamekaa juu ya miamba ya chaki, na chaki hiyo ni magamba ya viumbe wadogo wa baharini waliokufa zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Mvua inaiyeyusha kidogo kidogo, mto unaibeba, bomba linaileta, na hita ikiyapasha maji, chokaa inajitenga na kung'ang'ania palipo na joto kuliko pote: kwenye hita yenyewe. Ukifungua birika la mtu yeyote wa hapa utaiona. Sasa piga picha birika la kila usiku, miaka na miaka, lisilofunguliwa. Mguu ulioingia ukiwa mwembamba kama kalamu mbili ulikuwa umegeuka tumbawe. Ni chokaa ileile waliyoichoma kujengea nyumba za Mji Mkongwe, na ingekuwa imebaki huko isingeniudhi.

Shemeji akataka kuleta bomba la lori. Mke wangu akamtuma akanywe chai.

Hii ndiyo sehemu niliyoifanya peke yangu na ninayojivunia. Nikawa naishusha hita, naizungusha, naipandisha mpaka ukingo wa tundu, naikwangua kwa bisibisi ndefu kupitia mwanya mwembamba, vipande vinadondoka ndani vikilia kwenye sakafu ya shaba, naishusha tena. Kukwangua, kuzungusha, kupandisha. Haitaki nguvu wala lori. Ni kazi ya mtu aliyewahi kula kaa. Ukucha kwa ukucha ikapanda, mpaka ikagonga rafu ya taulo, kwa kuwa aliyetengeneza kabati hakukumbuka kwamba kitu cha inchi 27 kikitolewa wima kinahitaji inchi 27 juu yake. Rafu ikang'olewa. Kanga zikahamishwa mara nyingine, ruhusa ikaombwa mara nyingine. Ikatoka.

Tukailaza kwenye gazeti. Ilikuwa nyeupe, nene, imepasuka kati, nzito kuliko mtoto mchanga. Watoto waliporudi wakapiga nayo picha.

Kufunga mpya ni jambo la aibu kulisimulia, kwa jinsi lilivyo jepesi. Unafuta mdomo wa tundu mpaka ung'ae, unavika washa mpya, unaishusha hita, unazungusha kwa mkono mpaka ikae, kisha robo ya mzunguko kwa spana. Basi. Mzee wa uzio alikuwa amesisitiza: robo, si zaidi, bila katani, bila lami. Thamostati nikaiweka kwenye nyuzi 60, maana chini ya hapo kuna vijidudu vinavyopenda kuishi kwenye maji ya vuguvugu. Nikapanda darini, nikafungua boya, nikateremka na ufagio, nikaurudisha mahali pake mbele ya mashahidi.

Silinda ikajaa. Tukaitazama. Pale shingoni ikatokeza tone moja. Tone dogo, halikuanguka, lilikuwa limesimama tu linang'aa.

"Kaza," akasema mke wangu.

Nikamweleza habari ya robo. Nikamweleza kwamba washa mpya ikilowa inavimba, na tone litakauka lenyewe. Nikamweleza juu ya kizazi kijacho. Akaniuliza kama kizazi kijacho ndicho kitakachopiga deki dari ya jiko. Nikakaza. Tone likabaki. Nikakaza tena. Shemeji akasema nipishe, akakaza yeye, kwa mkono uleule wa lori. Tone likakauka. Hita ya namna hii katika maji haya ikifika miaka kumi imejitahidi, na kwa mipango yangu wakati huo mimi nitakuwa nimeshamaliza kujenga na kuhamia Tanga, kama ninavyosema kila mwaka.

Nikawasha umeme. Swichi haikuanguka. Tukakaa kitandani wote kungoja zile saa mbili, mke wangu akikung'uta unga wa manjano kwenye kanga moja baada ya nyingine na kusoma kila moja kwa sauti, nyingine akizisoma akinitazama mimi. Mwili wangu wote ulikuwa tope, chokaa na povu. Maji yalipokuwa tayari nikachukua taulo.

"Baba Salma," akasema mke wangu, "mgeni hajaoga."

Mgeni akaingia. Akafunga mlango, akafungua bomba la beseni la kuogea mpaka mwisho, akaanza kuimba. Ana pumzi nyingi. Mimi nimekaa kwenye ngazi na taulo yangu begani, nasikiliza lita 120 zinavyokwenda, nazigeuza kuwa uniti, uniti nazigeuza kuwa mabati. Ulipopita muda wa kutosha kuosha lori, bomba likanyamaza.

"Shem!" akaita kutoka ndani. "Mbona maji yanapoa? Hiyo hita una hakika umeifunga vizuri?"